Kipanya cha Mama Mipaka

Kwanza niseme langu, kabla sijasema la mtu. Mimi ni mkaguzi. Katika ofisi yetu ya kupima viwanja, kila ramani ikishachorwa huletwa mezani kwangu niilinganishe na karatasi ya mpima, kona kwa kona, halafu nigonge mhuri wa IMEKAGULIWA na kutia saini. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa mshahara. Miaka kumi na mmoja nimegonga mhuri huo, na ramani nilizozikagua kweli, kwa macho yaliyo macho, nadhani hazijazi kapu moja.

Sababu ilikuwa yeye. Mchoraji wetu, mwanamke wa miaka hamsini na sita tuliyemwita Mama Mipaka, alikuwa hakosei. Sisemi alikosea kidogo, nasema hakosei. Alianza kazi hii enzi za kalamu ya wino na karatasi nyembamba za kunakilia, wakati tone moja la wino lilikuwa linakurudisha mwanzo, na adabu aliyofundishwa na wino ilimkaa mwilini hata kompyuta zilipokuja. Kuikagua ramani yake ilikuwa kama kuonja chumvi uone kama imekolea. Kwa hiyo nilikuwa nagonga mhuri kwanza, nachungulia baadaye, na siku nyingi hata huko kuchungulia sikufika. Yeye mwenyewe alijua. Ndiye aliyenipachika jina la Bwana Mhuri, na ofisi nzima ikalidaka.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, kwa hiyo kila jioni tunarudi makwetu tunanuka ukuta mpya. Ni vyumba viwili na stoo, mafaili yamepanda mpaka usawa wa dirisha, na feni moja inayozunguka inapojisikia. Mwaka huo tulikuwa tumepewa kazi ya mtaa mzima wa zamani, viwanja mia tisa na ushee. Karatasi zake za kale zilikuwa zimepigwa picha zikaingizwa kwenye kompyuta, na Mama Mipaka alitakiwa azifuatishe upya, kiwanja baada ya kiwanja. Asubuhi viwanja, mchana viwanja, jioni ukifumba macho unaviona. Sote tulikuwa hoi. Yeye alikuwa hoi kwa namna nyingine, ila mimi nilichelewa kuitambua.

Programu tunayochorea ina desturi yake. Unasogeza mshale mpaka kwenye kona ya kiwanja, unabonyeza mara moja, inaweka kona. Unakwenda kona ya pili, unabonyeza, na kuendelea. Ukifika mwisho unabonyeza mara mbili harakaharaka, na yenyewe inavuta mstari mpaka pale ulipoanzia na kukifunga kiwanja. Mtoto wa darasa la nne angeweza. Sasa kipanya cha Mama Mipaka kilikuwa na miaka kama tisa. Pale kiganja kinapolala, rangi nyeusi ilikuwa imegeuka ya majivu. Kigurudumu chake kilikuwa kimevishwa mpira wa kufungia bahasha. Kitufe cha kushoto kiling'aa kwa kubonyezwa. Kikaanza uzee. Unakibonyeza mara moja, chenyewe kinasikia mara mbili. Mwanzo ilikuwa mara moja katika kumi, kisha mara moja katika tano. Uko kona ya pili tu, kiwanja kimeshafungwa. Unafuta, unaanza upya.

Vipanya vipya vilikuwemo stoo, tena si kimoja. Tatizo lilikuwa mtunza stoo. Ni kaka wa mke wa bosi, ndiyo maana ofisi nzima tunamwita Shemeji, na sheria yake ni moja: kifaa hakibadilishwi mpaka kife. Mama Mipaka alimpelekea kipanya kile mara tatu. Mara zote tatu Shemeji alikichomeka kwenye mashine yake, akakisukuma huku na huku, akautazama mshale.

"Si unatembea?"

"Unatembea, Shemeji. Shida iko kwenye kubonyeza."

Shemeji akabonyeza mara moja, na siku hiyo, kwa ubishi wa vitu vibovu mbele ya wakubwa, kikafanya kazi vizuri. "Huyu mzima, mama. Ana kikohozi tu."

"Kikohozi cha miezi mitatu kina jina lingine."

"Basi akifa niletee maiti, nikupe mwingine."

Mama Mipaka akarudi mezani, akaketi, akaendelea na viwanja vyake. Mimi nilimshauri akiangushe sakafuni, bahati mbaya tu, tukizike. Akasema hajafikia hatua ya kuua kitu ili kumridhisha Shemeji. Nikaona huo ni uadilifu. Nusu yake ulikuwa uadilifu kweli.

Halafu siku moja, saa nne asubuhi, mzee mmoja alipanda ngazi zetu akiwa na ramani imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa dereva wa malori mstaafu, mrefu, kofia mkononi. Tulimwamkia, akaitikia, akakaa pembeni kwenye kiti tulichompa.

"Sikuja kugombana, wanangu," alisema. "Nimekuja kuuliza tu. Kwenye ramani hii, chumba cha binti yangu kiko kwa jirani. Na jirani ameshachimba mashimo ya nguzo. Nikimuuliza, ananiambia ramani ndiyo iliyosema."

Mama Mipaka alivaa miwani akaifungua ramani. Mimi niliona kabla yake, maana saini yangu ilikuwa pale chini, nene, ya mtu anayejiamini. Kiwanja cha mzee kilikuwa na kona tano. Kipanya kilikuwa kimebonyeza mara mbili kwenye kona ya nne, programu ikavuta mstari kutoka hapo moja kwa moja hadi ya kwanza, na kona ya tano ikabaki nje pamoja na chumba cha binti wa watu. Kibaya zaidi, kiwanja cha kona nne hakishtui jicho. Viwanja vingi vina kona nne. Ndiyo maana kuna mtu analipwa kuvihesabu.

Bosi alitoka chumbani kwake, akaitazama ramani kwa muda, akamwomba mzee radhi, akaahidi kwenda mwenyewe kwa jirani. Alitimiza, ingawa ilichukua wiki mbili na maneno mengi mpaka yale mashimo yakafukiwa. Mzee alipoondoka, bosi alinigeukia mimi.

"Wewe uliikagua hii?"

"Nilikagua, bosi. Sijui ilinipitaje."

Mama Mipaka aliinua macho akaniangalia. Angeweza kunimaliza pale pale kwa neno moja, na nilistahili. Badala yake alisema kosa ni lake, mkono wake ndio uliochora.

"Mkono gani, mama, ni hicho kidude," bosi akasema. Kesho yake asubuhi alikuja na kipanya kipya, kimo ndani ya kiboksi chake, akakiweka mezani kwa Mama Mipaka mbele ya macho ya Shemeji. Shemeji alinuna siku nzima.

Hapo ndipo mambo yalipoacha kunielea. Mama Mipaka alikishukuru kile kiboksi, akafungua droo, akakilaza ndani, akaifunga droo. Akaendelea na kile cha zamani. Siku ya kwanza nikasema labda anamalizia kiwanja. Siku ya pili nikasema labda amesahau. Siku ya nne alikuwa bado anafuta na kuanza upya, anafuta na kuanza upya, na mpaka mchana alikuwa amechora viwanja sita, yeye aliyekuwa akichora ishirini.

"Mama, si ulikuwa unakililia kipya?"

"Mkono umekizoea hiki."

"Hicho kinatuua."

"Wewe kinakuua nini, Bwana Mhuri? Kazi yako kugonga."

Lilinichoma, maana lilikuwa kweli. Siku ya sita, alipotoka kwenda msalani, nikapiga moyo konde nikafungua droo, nikakitoa kile kiboksi na kuanza kukichana upande mmoja. Nilitaka nimchomekee tu, akirudi akute mambo yamekwisha. Sikumsikia akirudi.

"Nani kakwambia ufungue?"

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Ila katika miaka kumi na mmoja sikuwahi kuisikia. Shemeji alichungulia kutoka stoo, akarudisha kichwa. Mama Mipaka alinipokonya kiboksi, na katika kunipokonya nikauona mkono wake wa kulia ukifanya kitu ambacho mikono haifanyi. Kidole cha shahada kilikuwa kinajichezea peke yake, taratibu, kama mtu anayegonga meza akiwaza. Alikikunja ndani ya ngumi akakaa.

Kisha alisema, bila kuniangalia, "Nitakitengeneza hiki cha zamani. Jumamosi. Ukitaka, nisindikize."

Fundi tuliyemwendea hukaa chini ya ngazi za jengo la mtaa wa pili, mbele ya meza yenye kioo ambacho chini yake kuna simu zilizofumuliwa matumbo. Jumamosi ile alikuwa na watu wawili mbele yetu, kwa hiyo tulikaa kwenye benchi tukasubiri. Mama Mipaka alikuwa amekifunga kipanya kwenye leso, amekipakata. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri kwa majuma mengi. Nilitafuta la kuchekesha nikalikosa.

"Mama yangu alikuwa mshonaji," alianza mwenyewe. "Mashati ya shule, magauni, kila kitu. Siku moja akasema sindano imekuwa mbaya, inaruka. Akanunua sindano nyingine. Bado inaruka. Akasema ni uzi. Akabadilisha uzi. Akasema cherehani imechoka, na kweli ilikuwa imechoka, ilikuwa na umri kama wangu. Sisi watoto tukachangishana, tukamnunulia mpya."

Alikaza fundo la leso.

"Alipokaa kwenye ile mpya, siku ya kwanza tu, akajua. Akainuka akaifunika kitambaa, hakuigusa tena. Ugonjwa ulianzia kidole hiki hiki, mkono huu huu. Nilimuuguza miaka tisa. Mwishoni nilikuwa namlisha kwa kijiko."

Nikafungua mdomo.

"Usinitajie mficha maradhi," alisema. "Nilimwambia yeye maneno hayo hayo nikiwa na umri wako, na nilijiona nina akili."

"Sikuwa nataka kusema hivyo."

"Ulikuwa unataka."

Ni kweli nilikuwa nataka. Nikamuuliza kwa nini basi anahangaika na hiki kibovu, si akitumie kile kipya ajue moja.

"Hiki kikikosea, nakisingizia," alisema. "Kile kipya hakina kisingizio. Kikikosea, nitamsingizia nani? Na mimi sijui kazi nyingine. Nimebakiza miaka minne kustaafu. Nikimwambia bosi mkono una matatizo, atanionea huruma, atanipa nikae mapokezi nipokee simu. Mimi. Nipokee simu." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kila asubuhi kuutazama mkono wangu kabla sijautazama uso."

Nilibaki natazama viatu vyangu. Fundi akatuita.

Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kope ndefu na ulimi mwepesi. Aliikunjua leso, akakitazama kipanya, akamtazama mama.

"Mama, huyu ungemwacha apumzike. Mausi siku hizi watu hawatengenezi, wananunua tu."

"Kitengeneze."

"Nikikutengenezea unaweza ukarudi baada ya miezi miwili unilaumu."

"Sitakulaumu. Fungua."

Akakipindua, akabandua vijipira vya chini, akatafuta bisibisi ndogo, akakifungua. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka tisa na nywele moja nyeupe ambayo sote tulijifanya hatukuiona. Alilipuliza, akavuta miwani yake ya kukuzia, akakichokonoa kijiswichi kilicho chini ya kitufe cha kushoto mpaka kifuniko chake kikaruka. Akatuonyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Ona hapa. Hiki kibati cha shaba ndicho kinachoruka ukibonyeza. Kimelika, kimelegea. Ukikigusa mara moja kinadunda mara mbili. Hiki kimekwisha, mama, tena kimekwisha siku nyingi. Sijui ulikuwa unafanyaje kazi."

Sijawahi kuona mtu akifurahia habari ya ubovu namna ile. Mama Mipaka aliangua kicheko, akanishika bega, akanitikisa. "Umesikia? Si umesikia? Kimelika." Akaniambia nimwambie bosi, nimwambie Shemeji na kikohozi chake. Akatuagizia soda watu wote watatu, na fundi, asiyejua sherehe ni ya nini, akanywa yake kwa shukrani. Mimi pia nilifurahi. Niliona aibu kwa yale niliyokuwa nimeyawaza kwenye benchi.

Fundi akasema kijiswichi kipya hana, ila kuna ujanja. Kitufe cha kulia huwa hakitumiki sana, kijiswichi chake bado kichanga. Atakihamishia kushoto, na kile kibovu atakipeleka kulia. Alichomoa kimoja, akachomoa kingine, moshi mwembamba wa risasi ya kulehemea ukapanda, akavibadilisha nafasi, akalehemu. Dakika ishirini hazikuisha. Kisha akakichomeka kwenye kompyuta yake ya mkononi na kufungua programu inayohesabu mibonyezo. Yeye mwenyewe akabonyeza thelathini, akihesabu kwa sauti. Kioo kikaandika thelathini.

"Amepona. Jaribu mwenyewe, mama."

Mama Mipaka aliweka soda chini. Akavuta kiti. Aliweka mkono juu ya kipanya kwa upole wa mtu anayemshika mtoto aliyelala, akaanza kubonyeza, naye akihesabu. Alifika thelathini akaacha.

Kioo kiliandika thelathini na nne.

"Umekuwa na haraka kidogo," fundi alisema. "Polepole. Kidole ukishushe, ukiinue."

Akabonyeza tena, polepole, akikishusha kidole na kukiinua, midomo ikihesabu bila sauti. Thelathini. Kioo kikasema thelathini na tatu.

Fundi akakunja uso, akakivuta kipanya, akabonyeza thelathini nyingine zake mwenyewe. Thelathini. Akashika bisibisi. "Sielewi. Ngoja nikifungue tena, labda sikulehemu vizuri."

"Acha," Mama Mipaka alimwambia. "Hicho kimepona."

Alimlipa, akakifunga kipanya kwenye leso kama alivyokuja nacho, akamshukuru kwa kazi nzuri. Soda yake iliachwa nusu. Tulitembea mpaka kwenye kona ya barabara, na jua lilikuwa kali, na nilitaka nimwambie kwamba tatu katika thelathini si kitu. Lakini mimi ndiye mkaguzi, na hata mimi najua tatu katika thelathini ni viwanja vingapi katika mia tisa.

Pale tulipotakiwa kuachana alisimama.

"Bosi nitamwambia mwenyewe. Nipe wiki moja nijue ni kiasi gani. Nitatumia kile kipya, nitachora kwa utulivu. Wewe Jumatatu uanze kukagua."

"Sawa, mama."

"Nasema kukagua. Si kugonga."

Jumatatu alikichana kile kiboksi, akachomeka kipanya kipya, na kile cha zamani akampelekea Shemeji. "Maiti hii hapa," alimwambia. Shemeji akakijaribu, akaona mshale unatembea na kitufe kinabonyezeka vizuri kuliko cha kwake, akabaki kinywa wazi. Mama Mipaka hakungoja ajibu.

Na mimi nikakagua. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilikaa na rula, kalamu nyekundu na karatasi za kale, nikahesabu kona moja baada ya nyingine mpaka macho yakaniwasha. Ni kazi ngumu kumbe. Jumatatu nzima sikuona kosa, nikaanza kutembea kwa matumaini. Jumanne alasiri nikalikuta la kwanza: kiwanja cha kona sita kimefungwa kwenye ya tano, kipande kidogo tu kimekatwa, labda upana wa mlango.

Niliinua kichwa. Alikuwa amekaa mgongo umenyooka, miwani puani, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kwenye kifundo ili utulie. Kumpelekea ile ramani nilishindwa. Nikaifungua kwenye mashine yangu, nikairekebisha kona mwenyewe, nikagonga mhuri. Nilijiambia huo ni wema. Jumatano nikarekebisha mbili. Alhamisi nne. Kila jioni alinikuta nafunga mafaili, ananiuliza, "Vipi?" nami namjibu, "Salama, mama," na kila jioni uso wake ukazidi kuchoka. Sikuelewa kwa nini habari njema zinamchosha.

Ijumaa, saa tisa, alikuja mezani kwangu akavuta kiti. Hakuwahi kukaa mezani kwangu.

"Wiki nzima hujanirudishia hata moja."

"Hazikuwa na kosa, mama."

"Viwanja themanini, hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Alinitazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Mimi nahesabu ninavyovishika mwenyewe na kufuta," alisema. "Nilitaka nijue vinavyonipita. Hicho tu ndicho nilichokuomba. Miaka kumi na mmoja ulikuwa hukagui kwa uvivu, nikakuacha, maana sikuwa na haja na wewe. Sasa nina haja na wewe, unanidanganya kwa huruma. Ni vingapi?"

Niliwafikiria wale wenye viwanja, niliwaza mapokezi na ile simu, na nilimwonea uchungu. Nilifungua faili nikatoa ramani zile nilizoziweka pembeni, nikazipanga mbele yake.

"Saba."

"Saba na ngapi za leo?"

"Na mbili za leo. Tisa."

Alizichukua moja moja, akaziangalia zile kona nilizozirudishia. Alitikisa kichwa kwenye moja, akanisahihisha: jiwe la mpaka nililiweka ndani kidogo, lilitakiwa liguse njia. Alikuwa sawa. Macho yake hayakuwa na tatizo lolote, na sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoa machozi, mbele yake, mtu mzima, kalamu nyekundu mkononi.

"Jikaze," alisema. "Hiyo ya jiwe irekebishe kabla hujatoka."

Akazikusanya zote tisa, akazinyoosha kingo zikawa sawa, akainuka. Alipita meza yake bila kukaa, akapita stoo, akafika kwenye mlango wa bosi. Aliushusha mkono wa kulia ubavuni ukatulia kadiri ulivyotaka kutulia. Akagonga kwa wa kushoto, akasubiri aitwe.